Kupasua Jicho Bila Kulipima ni Kujenga Bila Timazi

MWASHI hodari hajengi ukuta kwa kukisia. Hata awe amekwisha kujenga nyumba mia, kila anapopandisha mstari mmoja wa mawe husimamisha kazi, akateremsha timazi yake, akatazama kama ukuta umesimama wima au umelala. Timazi si chombo cha gharama. Ni uzi na kipande cha chuma. Lakini nyumba iliyojengwa bila ya uzi huo, japo itapakwa chokaa ikang'ara, mwenyewe atakuja kuijua siku ya kutia mlango.

Leo safu hii inataka kuzungumza juu ya timazi ya namna nyingine, nayo ni ile ipasayo kuwamo mkononi mwa daktari anapolipasua jicho la mwananchi. Ni jambo la kitaalamu, na huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba hayo ni ya madaktari wenyewe, sisi hayatuhusu. Tunawaomba wawe na subira. Jicho ni la mwananchi, fedha za kununulia vyombo ni za mwananchi, na kasoro ikitokea anayekaa nayo nyumbani ni mwananchi huyo huyo.

Habari ya mtoto wa jicho inajulikana sana huku visiwani. Hakuna kijiji, Unguja wala Pemba, kisichokuwa na mzee aliyeanza kuuona ulimwengu kama kwamba umefunikwa na ukungu wa alfajiri, ukungu usioondoka jua linapopanda. Hupelekwa hospitali akiongozwa na mjukuu wake. Hupasuliwa, lile tone la jicho lililoharibika likatolewa, na mahali pake pakatiwa lenzi ndogo ya plastiki. Asubuhi ya pili hufunguliwa kitambaa, akamtaja mjukuu wake kwa jina kabla mtoto hajasema neno. Hiyo ni furaha ya haki, na wauguzi na madaktari wanaoifanya kazi hiyo wanastahili shukrani zetu.

Lakini wako wazee ambao furaha yao hupungua wafikapo nyumbani. Tunamfahamu mmoja, mshona kofia wa siku nyingi, aliyepasuliwa jicho akashukuru, akarejea barazani kwake na sindano yake. Mwanga aliuona. Rangi alizitambua. Viua vya kofia ndivyo vilivyomshinda. Akapewa miwani ya kusomea iliyotosha jirani zake, isimfae. Nyuzi zilizolala akiziona vizuri, zilizosimama zilikuwa zimetandaa kama wino ulioangukia karatasi ya maji. Mzee mwingine, msomaji wa msahafu tangu utotoni, alilalamika kwamba nukta mbili za herufi "ta" zimeungana zikawa mkwaju mmoja, na nukta tatu za "tha" hazihesabiki. Nahodha naye, aliyepita mbele ya mnara wa Kigomasha usiku maisha yake yote, alisema taa ya mnara ilikuwa imeota mkia.

Wote watatu wakiulizwa husema maneno mamoja: "Naona, lakini sioni sawasawa." Na kwa kuwa wamelelewa katika adabu ya kushukuru, hawarudi kudai. Katika daftari la hospitali wameandikwa kuwa wamepasuliwa na wamefanikiwa.

MGONGO WA KIJIKO

Ili tuelewe yaliyowapata wazee hawa, yatupasa kwanza tulitazame jicho lenyewe. Mbele ya mboni kuna kioo kiangavu kiitwacho konea. Upana wake ni kiasi cha milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Hata hivyo kioo hiki chembamba ndicho kinachofanya kiasi cha theluthi mbili ya kazi yote ya jicho ya kuukusanya mwanga. Lenzi iliyomo ndani hukamilisha kilichobaki.

Konea iliyobinuka sawasawa pande zote, kama kipande cha mpira, huukusanya mwanga kwenye nukta moja. Lakini konea iliyobinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine haiwezi kufanya hivyo. Msomaji achukue kijiko cha chai autazame mgongo wake. Kwa mapana umebinuka sana, kwa marefu umebinuka kidogo. Ajitazame uso wake humo: atauona umebanwa kwa mapana ukarefuka kwa marefu. Konea ya namna hiyo huukusanya mwanga wa wima mahali pengine na mwanga wa ulalo mahali pengine, na hivyo kila kitu huwa na upande unaoonekana na upande uliofifia. Hali hiyo wataalamu huiita astigimatizimu.

Kasoro hii si ugonjwa wa aibu, wala si jambo la nadra. Watu wengi huzaliwa nayo kwa kiasi kidogo. Mwaka 1801 mtaalamu wa Kiingereza Thomas Young aliieleza kasoro hiyo kutokana na jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 mwananajimu George Airy, naye pia kwa ajili ya jicho lake, akaeleza namna ya kuisahihisha kwa kioo kilichochongwa kwa mbinuko usiolingana. Miwani ya namna hiyo ndiyo ambayo hadi leo huandikwa na daktari kwa nguvu na kwa mhimili, yaani ni kali kiasi gani na imeelekezwa upande gani.

Jambo linalotuhusu sisi hapa ni kwamba astigimatizimu huweza kuletwa na upasuaji wenyewe. Konea si jiwe. Ukiichana pembeni hulegea upande ule, na mbinuko wake upande huo hupungua. Ukiishona kwa kukaza sana, hujikunja, na mbinuko wa upande huo ukazidi. Daktari anaweza kulitoa tone lililoharibika kwa ufundi usiokuwa na dosari, akatia lenzi safi kabisa, kisha fundo moja lililokazwa kupita kiasi likaipinda konea na kumrudisha mgonjwa nusu ya njia aliyotoka.

Vipimo vyenyewe ni vidogo mno. Nguvu ya konea huhesabiwa kwa dayopta, na hesabu yake ya kawaida ni kuigawanya 337.5 kwa nusu kipenyo cha mbinuko kwa milimita. Konea yenye nusu kipenyo cha milimita 7.85 ina nguvu ya dayopta 43. Ikiwa upande mmoja umejikunja ukafika milimita 7.5, nguvu ya upande huo ni dayopta 45. Tofauti ya thuluthi moja ya milimita imezaa astigimatizimu ya dayopta mbili, nayo yatosha kumfifilishia mtu maandishi ya ubaoni. Hakuna jicho la mwanadamu, hata liwe la daktari aliyepasua maelfu, linaloweza kuitambua thuluthi ya milimita ya mbinuko kwa kutazama tu. Ndipo chombo kinapohitajika.

PETE MKONONI

Chombo cha kwanza ni rahisi kiasi cha kustaajabisha. Konea, kwa kuwa ina majimaji na imebinuka, ni kioo cha kujitazamia. Elimu ya vioo vilivyobinuka ni ya zamani. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra akafanya kazi yake kubwa Misri karne ya 11, aliichungua katika kitabu chake cha Al-Manazir akatafuta ni nukta gani ya kioo cha duara itakayourudisha mwanga kwenye jicho la mtazamaji. Baada ya karne nyingi, katikati ya karne ya 19, Mjerumani Hermann von Helmholtz aliunda chombo cha kupima mbinuko wa konea kwa kuutazama mwanga unaorudi kutoka juu yake. Mwaka 1880 Mreno Antonio Plácido da Costa alitumia sahani yenye duara nyeupe na nyeusi na tundu katikati la kuchungulia. Mwaka uliofuata Javal na Schiøtz, wakiwa Paris, walitoa chombo cha mezani ambacho vizazi vya madaktari wamejifunzia.

Vyombo vya mezani vina sharti moja: mgonjwa awe ameketi, kidevu chake kimewekwa kwenye kitako. Mgonjwa aliyelala chali, amefunikwa shuka la upasuaji, jicho limeshikwa wazi, hawezi kuletwa kwenye meza. Kwa hiyo chombo hakina budi kumfuata yeye. Hapo ndipo thamani ya chombo cha mkononi inapopatikana.

Daktari huchukua pete, iwe ya chuma au ya mrija wa plastiki uliochemshwa ukatakasika, akaishika juu ya konea, chini ya hadubini yake. Mwanga wa hadubini huipiga pete, na sura ya pete huonekana juu ya konea. Wako madaktari ambao, kwa kukosa chombo rasmi, wametumia kitanzi cha pini ya kufungia nguo, kilichotakaswa, na kikawafaa. Sura ya pete ikiwa duara kamili, konea imelingana. Ikiwa imekuwa kama yai, konea imepinda, na yai lenyewe husema imepinda wapi: upande mfupi wa yai ndio upande uliobinuka zaidi, kama vile uso wetu ulivyobanwa kwa mapana ya kijiko.

Daktari akiwa anashona, pete humwongoza. Yai likiwa fupi kuelekea kwenye fundo fulani, fundo hilo limekazwa mno, hulilegeza. Yai likirefuka kuelekea kwenye jeraha, jeraha limelegea, huongeza mkazo. Hurekebisha, akatazama tena, hadi yai likawa duara. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hufanywa wakati ambao marekebisho bado ni mepesi, kabla mgonjwa hajanyanyuka kitandani. Kosa likigunduliwa baada ya majuma, dawa yake ni safari nyingine, ama ya kukata uzi, ama ya kutafuta miwani, na kwa mtu wa Kojani au Tumbatu safari ni chombo, ni nauli, na ni siku ya kazi iliyopotea.

Huenda mtu akasema kwamba siku hizi mtoto wa jicho hupasuliwa bila kushonwa. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Zamani jeraha lilikuwa la milimita 10 hadi 12 na lilishonwa kwa nyuzi kadhaa. Leo, kwa njia ya mkono iliyoenea katika nchi nyingi zenye uwezo kama wetu, jeraha huwa la milimita sita au saba, likachongwa kwa namna ya kujifunga lenyewe. Na kwa njia ya mashine huwa chini ya milimita tatu. Hata hivyo nyuzi hazikuondoka katika chumba cha upasuaji. Mvuvi aliyechomwa na ndoana, mchuma karafuu aliyechomwa na kijiti, mtoto aliyeangukia kigae: hao wote konea zao hushonwa, na hao ndio ambao pete huwafaa zaidi kuliko wengine wote.

MIPAKA YA PETE

Hatutaki kuisifu pete kwa sifa isiyokuwa yake. Astigimatizimu ya dayopta nne hulifanya yai liwe fupi kwa kiasi cha asilimia tisa upande mmoja, na hilo huonekana. Ya dayopta moja hulibadilisha kwa asilimia mbili tu na kitu, na hilo aghalabu hulipita jicho la mtazamaji. Pete humwonya daktari juu ya kosa kubwa. Hesabu ya kosa dogo haiwezi kumpa.

Tena pete husema uongo ikiwa imeulizwa vibaya. Jicho likiwa limepungukiwa na maji ndani, likawa laini, konea hukunjamana na kipimo huwa si kipimo. Hapana budi lijazwe lirudie ugumu wake wa kawaida. Kibano kinachofungua kope, kikiligandamiza jicho, huipinda konea kabla daktari hajafanya lolote, yapasa kilegezwe. Uzi wa kulivutia jicho chini nao ulegezwe. Konea ikikauka, sura ya pete huchakaa, ilowanishwe. Na pete yenyewe ikishikwa mshazari, hata duara litaonekana yai. Kwa hiyo chombo cha bei ndogo chahitaji mkono uliofunzwa, na mafunzo hayo lazima yatolewe kwa makusudi, si kuachwa yaokotwe njiani.

Kwa hesabu kamili kuna keratomita ya mkononi. Ni chombo kinachotumia betri, hushikwa mbele ya jicho, kikatoa kwa tarakimu nguvu ya konea kwa pande zake mbili pamoja na mhimili wake. Hupima aliyeketi na aliyelala, mtoto aliyepewa dawa ya usingizi, na mzee asiyeweza kukaa wima. Huingia katika mkoba, na kwa hiyo huweza kuvuka bahari pamoja na timu ya madaktari. Ziko leo mashine kubwa zinazofungwa kwenye hadubini na kulipima jicho zima wakati wa upasuaji. Ni nzuri, ni ghali, na si za kuanzia.

Keratomita nayo ina masharti yake. Kichwa cha mgonjwa kikiinamia upande, mhimili utaandikwa si wenyewe. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtu akilala chali, jicho lake huweza kujizungusha digrii chache kutoka lilivyokuwa alipoketi. Kwa hiyo daktari makini hutia alama ya wino kwenye jicho mgonjwa akiwa bado ameketi, ili akishalala ajue upande upi ulikuwa upi. Jambo hili huwa zito zaidi panapotumika zile lenzi maalumu zenye mhimili, zilizoundwa kuisahihisha astigimatizimu ndani ya jicho. Lenzi ya namna hiyo ikikaa digrii 10 nje ya mahali pake, hupoteza kiasi cha theluthi moja ya faida yake. Ikikosea digrii 30, faida yote imekwisha. Kununua lenzi hizo pasipo kuwa na kipimo cha kuaminika ni kutupa fedha baharini.

MAHALI PA KUCHANA

Kipimo kinachochukuliwa kabla ya kisu hakina thamani ndogo kuliko kile cha mwisho. Tulikwisha kusema kwamba jeraha huulegeza upande liliko. Basi daktari aliyepima anaweza kuchagua kulichana jicho upande ule ule uliobinuka zaidi, na jeraha lenyewe likawa dawa.

Konea za vijana aghalabu zimebinuka zaidi kwa wima. Za wazee, kadiri miaka inavyopita, huelekea kubinuka zaidi kwa ulalo. Na wengi wa wagonjwa wa mtoto wa jicho ni wazee. Daktari akizoea kuchana juu ya jicho kwa kila mgonjwa, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa, huulegeza wima wa jicho ambalo wima wake ulikuwa tayari umelegea, na tofauti ikazidi. Kwa mzee wa namna hiyo jeraha la ubavuni, upande wa panja, humfaa zaidi. Kubadili huko hakuhitaji dawa mpya wala mashine. Kwahitaji daktari ahamishe kiti chake, na ajue kwa nini anakihamisha. Ajue kwa kipimo, kwani si kila mzee ana jicho la kizee.

Huenda mshona kofia wetu ni mmoja wa waliochanwa mahali pasipowafaa. Huenda kasoro ile alikuwa nayo tangu ujana wake. Hatuwezi kusema, na sababu ya kutoweza ndiyo kiini cha makala haya: hapakuwa na kipimo chochote kilichoandikwa, si cha kabla wala cha baada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jicho nalo ni mali.

HESABU YA KWELI

Sasa tunawageukia viongozi na watumishi wa Serikali, hasa wale wanaopanga, wanaonunua, na wanaopokea taarifa.

Mazoea ya taarifa zetu ni kuhesabu macho yaliyopasuliwa. Timu ilikuja, ikakaa siku kadhaa, ikapasua macho kadhaa, ikapigiwa makofi. Idadi ni muhimu, kwani upofu wa mtoto wa jicho hauondolewi kwa maneno, na duniani kote Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 94 wana ulemavu wa kuona au upofu wa kuona mbali kwa sababu ya mtoto wa jicho ambaye hajatibiwa. Lakini idadi ya macho yaliyopasuliwa si idadi ya macho yanayoona.

Dunia yenyewe imekwisha kulikubali jambo hilo. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha lengo la kuongeza, ifikapo mwaka 2030, kiwango cha upasuaji wa mtoto wa jicho wenye mafanikio kwa pointi 30 za asilimia juu ya kilivyokuwa. Tulitazame neno hilo "wenye mafanikio". Mtu huhesabiwa humo pale tu ambapo, baada ya kupasuliwa, huona kiwango cha 6/12 au zaidi. Yaani aone kwa mita sita kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 12. Aliyepasuliwa asifikie hapo hahesabiwi kuwa amefanikiwa, hata kama aliandikwa daftarini na kupigwa picha. Kwa mizani hiyo, astigimatizimu iliyoachwa ndani ya jicho hupunguza hesabu ya taifa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, pete ya kupimia konea ihesabiwe kuwa sehemu ya seti ya upasuaji wa macho, sawa na mkasi na kibano. Seti isiyokuwa nayo ihesabiwe pungufu.

Pili, kila timu inayovuka baina ya visiwa kwa kazi ya kupasua macho iwe na keratomita ya mkononi iliyo nzima, yenye betri, na ihakikishwe usahihi wake kabla ya safari kwa kulinganishwa na ile ya mezani. Chombo kilichoharibika kabatini hakimsaidii mtu.

Tatu, daftari la upasuaji liongezwe safu: mbinuko wa konea kabla, mahali jeraha lilipochanwa, mbinuko baada, na uwezo wa kuona baada ya majuma kadhaa, kwa miwani na bila miwani. Daktari akiyasoma maandishi yake mwenyewe ya macho hamsini, atajua mkono wake unaipinda konea kiasi gani na kuelekea wapi. Hakuna mwalimu bora kuliko huyo.

Nne, vijana wanaofunzwa uuguzi wa chumba cha upasuaji na utabibu wa macho wafundishwe kupima kama wanavyofundishwa kushona. Muuguzi anayejua kuisoma pete ni jicho la pili la daktari.

Tano, miwani ya kusahihisha astigimatizimu ipatikane hapa hapa visiwani. Hata kwa upasuaji uliopimwa vizuri, baadhi ya watu watabakiwa na kasoro ndogo. Mzee asiambiwe kwamba dawa yake ipo, ila ipo ng'ambo.

Nanyi wananchi mna sehemu yenu. Mtu aliyepasuliwa jicho arejee siku aliyoambiwa kurejea, hata kama anajiona amepona, kwani hapo ndipo kipimo cha baada kinapochukuliwa. Na anayeona mwanga lakini haoni sawasawa aseme. Kusema si utovu wa shukrani. Daktari asiyeambiwa huamini kwamba amefanikiwa, na mgonjwa wa kesho atachanwa mahali pale pale.

Mjomba wetu mmoja, fundi wa majahazi, alizoea kusema kwamba ubao unaoudanganya leo utakudanganya kesho katikati ya mkondo. Hakumaanisha kwamba ubao una hila. Alimaanisha kwamba fundi aliyeona uvivu wa kupima ndiye aliyejidanganya. Vyaelea vimeundwa, na kila kilichoundwa vyema kilipimwa kwanza.

Mshona kofia tuliyemtaja alipimwa hatimaye. Alipewa miwani iliyochongwa kwa mhimili wake, na leo yuko barazani akishona. Lakini alikaa mwaka mzima bila ya kazi, akiona na asione, kwa kukosa kipimo cha dakika chache. Mwaka mmoja wa mzee ni mrefu. Tusimwachie mwingine aupoteze.